Mwaka Tulioambiwa Dunia Ni Kijiji

Espérance alinipigia simu Jumapili nikiwa natoka kanisani, akaniambia mama yake amefariki. Hakulia. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na sasa ana kazi za kufanya: jeneza limepatikana, viti vya matanga vimeazimwa, watu wa upande wa baba hawataitwa. Kisha akasema, "Mama mudogo, ni we ulikuwa pale. Uandike. Mi nilikuwa mutoto, sikuona yote." Basi naandika. Marehemu nitamwita Consolata, ingawa hakuitwa hivyo, na Espérance naye si Espérance. Nimebadili majina ya wote, hata ya wale wasiostahili kufichwa, na anayesoma mpaka mwisho ataelewa kwa nini mimi, kuliko watu wengine, ninaogopa mtu kutambulika.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Vita vya vilimani vilikuwa vimepoa, mabasi madogo ya Kanama yameanza tena kushuka na viazi na maharage, ingawa askari walikuwa bado wamesimama kwenye kona za barabara na watu walikuwa bado wanakomea milango kabla jua halijazama. Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania na miaka yangu ishirini na kitu, Kiingereza cha sekondari, na Kiswahili ambacho wauza samaki wa Gisenyi, mji wetu wa mpakani kando ya ziwa, walikicheka mpaka wakashika mbavu. "Unaongea kama radio," waliniambia. Lakini Kiswahili hicho ndicho kilichonipa kazi. Shirika moja la wanawake lilikuwa limefungua ofisi mtaa wa Mbugangari na lilitaka mtu wa kukaa katikati, upande huu wanawake wa samaki, upande ule wageni. Mkuu wa ofisi alikuwa Peace, mwanamke aliyekulia Uganda, mrefu, mwenye viatu vizuri na haraka nyingi. Kinyarwanda chake kilikuwa na Kiingereza ndani yake kama mchele wenye changarawe. Mimi na yeye tulikuwa wageni wawili katika nchi yetu wenyewe, na nilidhani hilo lingetufanya ndugu.

Ofisi ilikuwa zamani duka la unga. Ukipiga meza kofi, vumbi jeupe lilikuwa bado linatoka kwenye nyufa za ukuta. Juu ya meza hiyo ilikaa kompyuta, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, na kila asubuhi Peace alikifunua taratibu kama padri anavyofunua kalisi. Ilipotakiwa kuunganishwa na simu, ililia kama bata aliyekabwa shingo, ikakohoa, ikanyamaza, na mara nyingi ilinyamaza moja kwa moja mpaka kesho yake. Wanawake walikuja mchana, soko likishapoa. Waliacha mabeseni mlangoni, wakakaa kwenye mabenchi, na Peace alifungua madirisha yote mawili kwa sababu ya harufu, akijifanya ni kwa sababu ya joto. Uani tulikuwa na jiko. Tulipika ugali na sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wakakaangwa wazima wakaliwa na vichwa vyao, na isombe, kisamvu kilichotwangwa mpaka kikawa laini. Nikiukumbuka mwaka ule ninavyoweza kuukumbuka bila hasira, ninaukumbuka uani, vidole vina mafuta, wanawake wakisema yale ambayo hayasemwi mbele ya daftari: nani amekubali kuolewa na ndugu wa marehemu mumewe ili asihame nyumba, nani mtoto wake amepatwa na homa, ni timu gani ya wavuvi inayowauzia wanawake samaki waliolala. Mgeni wa Ulaya aliyetuletea kompyuta, Karin, hakula nasi hata siku moja. Aliliogopa tumbo lake. Alikaa chumba cha mbele na mkate na chupa ya maji, akisubiri tumalize kuzungumza ili aje kutuuliza maswali.

Siku ya kwanza alitukusanya akatuambia kwamba dunia sasa imekuwa kijiji. Alisema hivyo kwa furaha ya kweli, simdhanii uongo. Alisema mwanamke wa Gisenyi ataweza kuzungumza na mwanamke wa Peru na wa Uhindi bila kumwomba ruhusa mwanaume yeyote. Nilitafsiri. Consolata alikuwa benchi la mbele, kitambaa cha kichwa amekifunga kwa upande. Alikuwa mjane, mnene wa mabega, mwenye sauti iliyotangulia beseni lake. Ulimsikia kabla hujamwona, na wateja wake walimjua kwa kelele hiyo. "Kijiji?" alisema. "Mi nimekaa kijijini. Kule mutu akikohoa, jirani anajua amekula nini. Donc hii mashini iko ya umbeya?" Chumba kizima kiliangua kicheko. Karin alipotafsiriwa naye alicheka, akayaandika maneno yale, akasema ni mazuri sana. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimesikia wasomi wengi wakisimama kwenye majukwaa kusema kwamba dunia ni kijiji, na bado sijasikia hata mmoja aliyewauliza wanawake maisha ya kijijini yalikuwaje.

Alichokitaka Consolata kwenye kompyuta hiyo kilikuwa kitu kidogo. Alitaka kujua, kabla hajabeba samaki, kama mpaka wa Goma, mji wa upande wa pili, siku hiyo uko wazi na kama wanunuzi wapo. "Iandike basi kwa banamuke ba kule," aliniambia, "batujibu mapema, tusiende kuoza na samaki njiani." Nilimweleza Karin. Alisikiliza kwa adabu, akasema hiyo ni biashara, na mradi huu haukuwa wa biashara, ulikuwa wa sauti. Halafu akaomba wanawake wasimulie maisha yao. Wakasimulia: nyavu, ushuru, askari wa mpakani, timu za wavuvi zisizotaka mwanamke awe na mtumbwi wake. Karin aliandika kidogo, kalamu ikasimama. Peace alinivuta pembeni. "Devota, wasaidie. Wageni wanataka kitu kinachogusa moyo. Hizi habari za ushuru hazimlizi mtu."

Consolata alikubali kusema kwa sababu aliambiwa kwamba huko Ulaya kuna mawakili wanawake watakaoisoma habari yake na kumsaidia juu ya nyumba yake. Kabla hajafungua mdomo aliniagiza nimuulize Karin kama jina lake litajulikana. Nikauliza. Akasema halitajulikana. Akaniagiza niulize tena, maana, alisema, mutu akiulizwa mara ya pili ndipo anasema ya moyoni. Nikauliza tena. Karin aliweka mkono kifuani akaahidi. Ndipo Consolata aliposema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kujua anayo, kwamba mumewe alipokufa kwa ugonjwa, shemeji yake, Faustin, mtu mwenye lori na duka, alianza kuja nyumbani kwake kama anayekuja kusalimia. Kwamba alitaka mawili: nyumba na mwenye nyumba. Kwamba alipokataliwa alimpiga kwa mkanda mbele ya Espérance na ya mdogo wake wa kiume, na tangu siku hiyo yeye Consolata huweka mchi wa kutwangia nyuma ya mlango. Alipomaliza alijifuta uso kwa kitenge, akauliza kama chai ipo. Karin alikuwa analia. Akampiga picha. Ya kumbukumbu ya ofisi, alisema.

Karin alirudi kwao. Wiki zikapita, tukala sambaza, simu ikalia na kukatika. Siku moja Peace alituita kwa shangwe. Simu ilikuwa imekubali, na kwenye kioo kulikuwa na kitu kinateremka polepole kutoka juu: kwanza kitambaa cha kichwa, halafu paji la uso, halafu macho. Tulikuwa tumesimama nyuma ya kiti chake tumeshikana mabega, tukisubiri pua ije, mdomo uje. Ilikuwa ile picha. Juu yake, kwa Kiingereza na Kifaransa, waliandika kichwa cha habari ambacho Peace alitusomea: Sauti ya Wasio na Sauti. Jina walikuwa wamelibadili kweli, wamemwita Marie. Lakini uso ulikuwa uso wake, na chini yake mji wa Gisenyi, na kazi ya samaki, na shemeji mwenye lori.

Consolata alicheka kwanza. Aligusa kioo kwa kidole. "Yebaba wee, mi huyu!" Kisha akauliza, "Na nani anaona hii?"

"Dunia nzima!" Peace alisema.

Consolata aliondoa kidole. "Dunia nzima, shemeki yangu iko ndani?"

Peace alimwambia asiwe na hofu, Faustin hajawahi hata kuiona kompyuta, na angezunguka mji mzima asingepata pa kuisomea. Alikuwa anaamini anachosema. Nami niliona ana haki ya kuamini, kwa hesabu ya mji ule. Lakini ilikuwa hesabu ya watu waliosahau sisi ni nani. Kabla ya waya wowote, Wanyarwanda tulikuwa tumekwisha tandazwa duniani. Hapakuwa na ukoo usiokuwa na mtu Kampala, Nairobi, Brussels. Njia za habari zilikuwa zimechimbwa zamani kwa miguu ya wakimbizi, na ile kompyuta ilizikuta tayari. Faustin alikuwa na mtoto wake wa kiume akisoma Ubelgiji. Mtu wa kanisani kwao, mtu mwema aliyependa kuwaombea wajane wa nyumbani, alimwonyesha ile picha ili amwombee naye. Kijana akamtambua mke wa baba yake mdogo.

Habari ilifika dukani kwa Faustin kwa simu, na baadaye karatasi zenyewe zikaja ndani ya sanduku la msafiri. Msaada wa wale mawakili ulikuwa bado njiani. Mpaka leo bado uko njiani.

Ukoo uliitwa nyumbani kwa Faustin, mtaa wa Nengo. Consolata aliniomba nimsindikize, akisema mimi ndiye niliyesikia alichokisema kweli. Nakumbuka sebule ile kuliko nyumba niliyozaliwa: viti vyenye vitambaa vyeupe mgongoni, termosi ya chai ya maziwa, sahani ya karanga za kukaanga ambazo hakuna aliyezigusa isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa anamenya na kutafuna wakati wote, na dirishani ziwa limetulia kama halihusiki. Faustin hakupaza sauti. Alivaa koti. Alisoma karatasi kwa Kifaransa, sentensi moja moja, kisha akaitafsiri kwa Kinyarwanda ili wazee wasikie. Kila neno lililowekwa pale ili kumliza msomaji wa mbali lilianguka sebuleni kama jiwe: mnyonge, aliyekandamizwa, asiye na wa kumtetea, anayeishi gizani.

"Gizani," Faustin alisema. "Nyumba niliyoiwekea umeme kwa mkono wangu."

Shangazi wa ukoo, dada mkubwa wa Faustin, ndiye aliyesema kwa ukali zaidi. "Umetuanika," alisema. "Umechukua nguo za ndani za nyumba yetu ukazianika Ulaya. Mtoto wetu huko anashindwa kuinua uso kanisani."

"Nimesema uongo?" Consolata aliuliza.

Mzee wa karanga aliendelea kumenya.

"Mi nauliza. Alinipiga ao hakunipiga? Nimesema uongo?"

Mzee alipangusa maganda magotini. "Binti yangu," alisema kwa upole, na upole huo ndio ninaoshindwa kuusamehe, "hatukukuita kwa sababu ya uongo. Tumekuita kwa sababu ya kusema."

Nyumba ikarudi kwa ukoo. Mtoto wa kiume akabaki kwao kwa sababu ni wa ukoo. Espérance akaruhusiwa kwenda na mama yake, kwa kuwa msichana, walisema, ataolewa tu. Nilikwenda na Consolata kwa konseye, diwani wa mtaa. Wakati ule redioni walikuwa wanaeleza sheria mpya ya urithi itakayowalinda wanawake, na sisi tulikuwa na matumaini. Konseye alikuwa mtu mpole naye. Aliuliza, "Mlifunga ndoa kwenye ofisi ya komini?" Consolata akasema, kwa padri. Konseye akafumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyagwa. Mbele ya serikali hakuwa mjane wa mtu, hakuwahi kuwa mke wa mtu. Alitoka kwenye nyumba ile na godoro, sufuria na beseni lake, na wauza samaki wenzake ndio waliompokea, nyumba hii wiki moja, nyumba ile nyingine, bila kuitisha mkutano.

Nilimwandikia Karin kwa ile kompyuta, nikasema kila kitu wazi. Basi zikaanza kuja salamu. Zilitoka nchi ambazo sikuweza kutamka miji yake. Wanawake walioguswa, wanawake wenye hasira kwa niaba yetu, vikundi vilivyowasha mishumaa. Peace alizichapa zote akazibandika ukutani mpaka unga wa zamani haukuonekana tena. Consolata alikuja kuzisikiliza. Alikaa kwenye benchi lake, Espérance amelala magotini mwake, nami nikamsomea kwa Kiswahili moja baada ya nyingine: tuko pamoja nawe, wewe ni dada yetu, ujasiri wako unatupa nguvu. Alisikiliza kwa makini, akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea rambirambi. Nilipochoka aliuliza, "Kati yao bote, hakuna mwenye iko na nyumba?"

Peace alitoka nje.

"Basi batoe sura yangu humo," Consolata alisema. "Hiyo tu. Mutoto yangu wa kiume asikue akiona."

Nikaandika hilo nalo. Karin alijibu kwa maneno mengi ya huzuni. Alisema picha ile ilichaguliwa na wenzake bila kumuuliza, kwamba wataiondoa kwenye ukurasa wao, lakini wengine wamekwisha ichukua na kuiweka kwingine, na huko yeye hana mamlaka. Kwamba hiyo ndiyo tabia ya mtandao, hauna mwenyewe. Alimalizia kwa kusema sote tumejifunza. Peace naye alipenda neno hilo. Alinikalisha siku moja, akasema makosa yalikuwa ya sote, mimi nikiwemo, na kwamba wanawake hatupaswi kunyosheana vidole. Nilikataa wakati ule na ninakataa sasa. Niliuliza mara mbili nikajibiwa mara mbili. Nimegundua kwamba anayependa lawama zigawanywe sawa ni yule mwenye fungu kubwa. Wanaume wa sebule ile walikuwa maadui, na adui unamwekea mchi nyuma ya mlango. Lakini dada anayekuja na kamera, mkono kifuani, huyo unamfungulia.

Consolata alihamia Goma, akauza samaki huko mpaka miguu ilipomkataa, akamsomesha Espérance. Mwanawe alikuja kumtafuta akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Walizoeana kidogo, kwa adabu, kama watu waliokutana kwenye safari, na hawakuweza kuzidi hapo. Picha ile nimeiona mwenyewe miaka mingi baadaye, kwenye tangazo la mkutano fulani juu ya haki za wanawake. Walikuwa wameipaka rangi ya zambarau.

Lakini kabla hajavuka mpaka kwenda Goma kulikuwa na sherehe ya kufunga mradi. Fedha zilikwisha, ama zilikwenda mahali penye machozi mapya. Kompyuta ilikabidhiwa ofisi ya serikali, kwa karani wa kiume aliyeipokea kwa mikono miwili. Walikuja wageni, Karin akiwa miongoni mwao, amekonda. Peace alivaa umushanana, vazi letu la sherehe, akahutubia vizuri. Alikuwa amekwisha pata kazi Kigali. Wanawake wa samaki waliimba. Kisha Karin aliomba, kwa macho yaliyojaa, kwamba Consolata aseme neno, kama angependa. Hatukudhani angekuja, kumbe alikuwa amesimama mlangoni, Espérance mkononi. Aliweka beseni chini. Akapita katikati ya viti vya wageni, hakukaa, hakuwatazama. Nilisimama kando yake kama kawaida yangu, nikakunja mikono, nikasubiri sentensi ya kwanza.

"Devota," alisema, "leo usitafsiri."

Akawageukia wanawake wenzake. Alisema kwa sauti yake yote, ile ya sokoni, kwa Kiswahili cha ziwani na Kinyarwanda cha nyumbani kikipishana, akisita, akicheka, akipiga kifua. Alisema kwa muda mrefu. Wanawake walimwitikia. Kuna mahali walicheka mpaka wengine wakainuka kwenye mabenchi, na kuna mahali walinyamaza, mmoja akafunika uso kwa kitenge. Wageni walitabasamu kwanza, kisha tabasamu likawachoka. Niliona Karin ananitafuta kwa macho. Hatimaye aliinuka, akaja kwa kunyata, akaninong'oneza.

"Anasema nini?"

"Anaongea na wenzake," nilimjibu.

"Lakini anasema nini?"

Nilimtazama Consolata. Nililisikia kila neno, na nalikumbuka kila neno, na hapa pia siliandiki. Nilirudi nikakaa benchini na wauza samaki, nikamwacha aendelee.